New York kwa bajeti ndogo: mwongozo wa anayekwenda mara ya kwanza

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Nakuja New York siku tano, nibebe dola ngapi?" "Hoteli ipi ya bei nafuu karibu na Times Square?" "Nikitoka uwanja wa ndege treni naipandia wapi?" Wengine wanaandika kutoka Nairobi na Kampala, wengine wako hukuhuku Marekani, Ohio na Kentucky, ila hawajawahi kukanyaga mji huu. Nimechoka kuandika jibu moja mara thelathini, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Shika jambo moja tangu mwanzo. New York haikumalizi kwa vivutio, maana vingi vilivyo vizuri ni vya bure. Inakumaliza kwa kitanda, halafu kwa hela ndogondogo zinazojificha nyuma ya bei uliyoiona: kodi, bakshishi, ada hii na ile. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye malazi na nauli, na kwenye majengo marefu unapita haraka.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Pasipoti na viza, kama huishi Marekani. Ada ya maombi ya viza ya matembezi ni dola 185, na ukinyimwa hairudi. Tangu 2025 Marekani imebana masharti kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Burundi zikiwemo, kwa hiyo soma ukurasa wa ubalozi wa Marekani nchini kwako wiki ileile unayoomba. Usitegemee alichokwambia jirani aliyekwenda mwaka juzi. Na usilipie tiketi ya ndege isiyorudishika kabla viza haijagongwa.
- Kadi mbili za benki za plastiki, za akaunti tofauti, zenye alama ya mawimbi ya kugusisha. Waarifu benki kwamba unasafiri, la sivyo watazifunga mara utakaponunua kikombe cha kwanza cha kahawa.
- Dola 100 hadi 150 taslimu, noti ndogondogo. Noti ya 100 dukani hapa hutazamwa kama umeichapa mwenyewe.
- Bima ya safari inayolipa matibabu. Usiku mmoja hospitali bila bima unaweza kula bajeti yote ya safari na ya safari nyingine mbili.
- Simu isiyofungwa kwenye mtandao mmoja, na adapta ya plagi. Soketi za huku ni za pini mbili bapa na umeme ni volti 120. Chaja ya simu haina shida, lakini pasi na mashine ya kukaushia nywele ya nyumbani ziache hukohuko.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Utatembea kilomita 12 hadi 15 kwa siku bila kujua. Viatu vipya vitakutia plasta siku ya pili.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwanza

Miezi ya nafuu ni Januari na Februari, sherehe za mwaka mpya zikishapita. Vyumba hushuka bei, mistari hupungua. Gharama yake ni baridi: joto huzunguka sifuri, na upepo wa kutoka mtoni unakata masikio. Ukipata koti zito la kuazima, huo ndio msimu wako. Asiyeweza baridi ajaribu mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili.

Kimbia tarehe hizi kama mfuko ni mwepesi: nusu ya pili ya Septemba, maana Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hukutana na kila msafara wa rais hukodi ghorofa nzima, mwezi wote wa Desemba, na wikendi ya kwanza ya Novemba, wikendi ya mbio za marathoni. Hiyo ya Novemba mimi humwambia Mkenya afikirie mara mbili kabla ya kuikimbia. Kusimama pembeni mwa First Avenue na bendera yako, wenzako wa Iten na Kaptagat wakipita mbele, hakulipiwi hata senti.

Hatua ya 2: Tiketi ya ndege au basi

Kutoka Afrika Mashariki, Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi JFK, uwanja mkubwa wa ndege wa New York, tangu Oktoba 2018, safari ya saa kama 15. Mashirika yanayopitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul mara nyingi huwa nafuu, ila hesabu pia saa za kusubiri na chakula utakachonunua ukisubiri. Tafuta miezi mitatu hadi minne kabla.

Ukiwa Marekani tayari, uko Washington, Philadelphia au Boston, basi ndilo jibu. Kutoka Philadelphia ni kama saa mbili, kutoka Washington au Boston saa nne hadi tano, na ukinunua mapema nauli haiumi.

Makosa matatu ninayoyaona kila mara:

Kwanza, tarehe. Wamarekani huanza na mwezi. 03/07 kwao ni tarehe 7 Machi, si tarehe 3 Julai. Kuna mtu amekaa na tiketi yake mezani akijisifu, kumbe ndege iliondoka miezi minne iliyopita.

Pili, saa. Sisi tumezoea saa ya Kiswahili, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Tiketi ikiandikwa 12:30 AM tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 jioni.

Tatu, begi. Nauli za chini kabisa za ndege za ndani mara nyingi zinaruhusu kibegi kinachoingia chini ya kiti tu. Begi la magurudumu lenye ukubwa wa kawaida hulipiwa, na ukilipia mlangoni pa ndege ni ghali kuliko ukilipia mtandaoni siku ulipokata tiketi.

Hatua ya 3: Kitanda

Hapa kaa chini, chukua muda. Nusu ya bajeti yako iko hapa.

Anza na hosteli. Mji huu una hosteli chache kwa ukubwa wake, na inayojulikana zaidi ni HI New York City, Amsterdam Avenue na mtaa wa 103: jengo zuri, jiko la kupikia, treni namba 1 iko karibu. Unalala kwenye vitanda vya ghorofa na wageni wengine, kwa hiyo nenda na kufuli lako na vidude vya kuziba masikio. Bei hupanda na kushuka; kwa kukadiria weka dola 50 hadi 90 kwa usiku kufuatana na msimu.

Mkiwa wawili au watatu, chumba cha hoteli mnachogawana kinaweza kuwa sawa na vitanda vitatu vya hosteli. Usitafute Times Square. Tafuta Long Island City, upande wa Queens. Jina linatisha, ila kwa treni ni kama dakika kumi kutoka katikati ya Manhattan, kisiwa ambacho ndicho moyo wa mji. Wengine hulala Jersey City, ng'ambo ya mto, na kuvuka kwa treni za PATH. Ni sawa, ila jua kwamba PATH ni shirika jingine na nauli yake haiingii kwenye ukomo wa wiki nitakaoueleza hatua ya 7.

Kipimo changu cha malazi ni kimoja. Fungua ramani, pima umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni hadi kituo cha treni. Ukizidi dakika kumi, achana napo. Tangazo linalosema "dakika 20 kutoka Times Square" linamaanisha dakika 20 kwa gari, alfajiri, siku ya Jumapili.

Sasa bei. Bei unayoiona kwanza mara nyingi haina kodi. Hoteli za New York hutozwa asilimia 14.75 pamoja na dola 3.50 kwa kila usiku. Kwa hiyo chumba cha dola 150 ni karibu dola 176. Kwa usiku tano, hizo ni dola 128 ambazo hukuzipangia. Bonyeza mpaka ufike ukurasa wa mwisho wa malipo, ndipo ulinganishe hoteli na hoteli.

Tahadhari ya fleti. Tangu Septemba 2023 jiji linatekeleza sheria inayomtaka anayepangisha nyumba yake kwa chini ya siku 30 ajisajili, awepo mwenyewe muda wote mgeni yupo, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Maana yake, tangazo la "fleti nzima, usiku tatu, bei poa" lina walakini tangu mwanzo. Binamu yangu alilipia moja Brooklyn kwa kumtumia mwenyewe hela nje ya tovuti. Akafika saa nne usiku, mabegi mawili, mvua inanyesha. Mlango haufunguki, namba haipokelewi, na jirani aliyechungulia dirishani akamwambia yeye ni wa tatu mwezi huo. Alilala kwenye kochi langu wiki nzima, na hela haikurudi. Lipia ndani ya tovuti uliyopatia nyumba, au usilipie kabisa.

Hatua ya 4: Andika bajeti kwa karatasi

Haya ni makadirio yangu kwa mtu mmoja, siku tano, anayelala hosteli na hajinyimi chakula:

- Kitanda, usiku tano: 350
- Treni na mabasi ya mjini: 35
- Treni ndogo ya uwanja wa JFK, kwenda na kurudi: 18
- Chakula, 35 kwa siku: 175
- Vivutio viwili vya kulipia: 70
- Laini ya simu: 25
- Akiba isiyoguswa: 100

Jumla dola 773, bila ndege na bila zawadi za kupeleka nyumbani. Hiyo ya zawadi ndiyo inayowaangusha watu. Ukirudi mikono mitupu shangazi hatakusamehe, kwa hiyo ipangie fungu lake kabisa, usiipe mabaki.

Hatua ya 5: Uwanja wa ndege hadi kitandani

Kabla ya kuondoka nyumbani, andika anwani ya unapolala kwenye karatasi. Afisa wa uhamiaji atakuuliza unakaa wapi, siku ngapi, unarudi lini. Jibu fupi na la kweli. Maembe na nyama kavu viache nyumbani, na chakula chochote ulichobeba kitangaze. Anayekitangaza hunyang'anywa tu, anayeficha hutozwa faini.

Ukitoka JFK:

1. Fuata mabango ya AirTrain. Ni treni ndogo isiyo na dereva. Kuzunguka nayo ndani ya uwanja ni bure.
2. Shuka Jamaica kama unakwenda Queens au katikati ya Manhattan (treni E), au Howard Beach kama unakwenda Brooklyn au chini ya Manhattan (treni A).
3. Hapo getini ndipo unapolipa, dola nane na ushee, kisha unalipa tena nauli ya kawaida ya treni ya mji.

Yote pamoja ni kama dola 12. Teksi ya manjano kutoka JFK hadi Manhattan ina bei maalumu ya dola 70, lakini ongeza ada za barabara na bakshishi, utakaribia 90 au zaidi. Mkiwa wanne na mabegi manane, hesabu inaweza kuwapendelea. Ukiwa peke yako, hapana.

Ukitua LaGuardia, uwanja mwingine wa ndege wa mji huu, basi la Q70 ni bure mpaka kituo kikubwa cha Jackson Heights. Watu wengi hawalijui, wanalipa gari la dola 40.

Mtu akikufuata ukumbini akinong'ona "taksi, taksi, bei nzuri", mpite kana kwamba hukumsikia. Teksi halali ziko nje kwenye foleni na hazimfuati mtu.

Hatua ya 6: Simu

Nunua laini ya kielektroniki (eSIM) ya siku saba au kumi kabla ya kuondoka, uiwashe ukitua. Pakua ramani ya jiji uitumie bila intaneti. Vituo vya chini ya ardhi vina Wi-Fi ya bure, ila treni ikiingia kwenye handaki katikati ya vituo, mtandao hukatika mara nyingi; angalia njia yako kabla hujapanda.

Hatua ya 7: Treni

Treni za New York zilianza 1904, zina vituo 472, na hazilali. Usizitazame zote. Jifunze mbili zinazopita karibu na kitanda chako, inatosha.

Nauli ni dola 3 tangu Januari 2026. Kadi za zamani za MetroCard ziliacha kuuzwa mwisho wa 2025, kwa hiyo mtu akikuuzia moja mlangoni mwa kituo, anakuuzia plastiki. Unalipa hivi: unasogeza kadi yako ya benki au simu kwenye kioo cha geti kinachoitwa OMNY, unasubiri kiandike GO, unasukuma chuma kwa nyonga, umeingia. Usisukume kabla ya GO. Utajigonga, na nyuma yako kuna mtu mwenye haraka.

Ukitumia kadi ileile moja kila mara, ukifikisha dola 35 ndani ya siku saba, safari zinazobaki ni bure. Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Kadi ya plastiki na simu, hata kama ni za akaunti moja, mfumo unazihesabu kama watu wawili. Leo ukigusisha kadi, kesho simu, hutafika 35 popote. Vilevile mke na mume wakitumia kadi moja, ukomo humhusu mmoja tu. Kila mtu awe na yake. Kadi yako ya nyumbani ikigoma, nunua kadi ya OMNY kwenye mashine kituoni, uijaze kwa fedha taslimu.

Ndani ya saa mbili unaweza kutoka treni ukaingia basi bila kulipa tena. Watoto wasiozidi sentimita 112, hadi watatu, hupanda bure na mtu mzima aliyelipa.

Makosa ya mgeni:

- *Kuingia upande usio wako.* Uptown ni kwenda juu, namba za mitaa zinapopanda. Downtown ni kushuka. Vituo vingine vina milango tofauti pande mbili za barabara, na ukishalipa huwezi kuvuka kwa ndani. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kituo cha mtaa wa 28 cha treni namba 6, nikalipa, nikasimama kwenye jukwaa nikiiangalia treni yangu ikija ng'ambo ya reli. Nikatoka, nikavuka barabara, nikalipa tena. Soma bango la juu ya ngazi kabla ya kushuka.
- *Kupanda Express ukitaka Local.* Express huruka vituo, Local husimama kila kituo. Mfano halisi: unataka makumbusho ya viumbe na dinosauri, mtaa wa 81. Ukiwa mtaa wa 59 mchana ukaingia treni A, mlango utafunguka tena Harlem, mtaa wa 125. Uliyotakiwa kupanda ni B au C.
- *Kuingia behewa tupu.* Saa za kazi, treni yote imejaa, behewa moja halina mtu? Wenyeji wanajua kwa nini. Ama kiyoyozi kimekufa, ama kuna harufu. Nenda behewa la pili.
- *Kutoangalia wikendi.* Matengenezo hufanywa Jumamosi na Jumapili, na treni hubadilishiwa njia. Soma karatasi zilizobandikwa nguzoni.

Hatua ya 8: Chakula

Asubuhi nenda duka la kona. Wenyewe huliita bodega. Karibu na kwangu Bronx lipo moja la Wayemeni. Ukiingia na "Salaam alaykum" kijana wa jikoni anainua kichwa na kutabasamu, na paka analala juu ya katoni za maji kana kwamba kodi ya pango analipa yeye. Mkate wa duara, mayai mawili, jibini, umefungwa kwenye karatasi ya alumini ukiwa bado wa moto: kama dola 5 au 6. Mwislamu awe makini, maana nyama inayowekwa kwa kawaida kwenye mayai hayo ni ya nguruwe. Omba ya ng'ombe au ya bata mzinga, maduka mengi ya Wayemeni wanayo.

Mchana kuna vibanda vya halali barabarani: wali wa njano, kuku aliyekatwakatwa, mchuzi mweupe. Sahani moja, kama dola 10, humshibisha mtu wa kawaida mara mbili. Ile pilipili nyekundu usiimimine kama ukwaju. Onja kwanza. Na kwenye vibanda visivyoandika bei, hasa karibu na vivutio, uliza bei kabla hajaanza kupakua.

Ukimisi chakula cha nyumbani, panda mpaka mtaa wa 116 magharibi, Harlem, kwa Wasenegali. Wali wao wa samaki si pilau ya Lamu, lakini ni ndugu yake. Ijumaa, msikiti mkubwa uko mtaa wa 96 na Third Avenue.

Maji ya bomba ni mazuri. Beba chupa, jaza. Kununua maji ya chupa hapa ni kutupa hela.

Sasa bakshishi. Mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa, ni asilimia 18 hadi 20, na si hiari kwa namna tunavyoielewa sisi. Mhudumu anaishi kwa hiyo. Kabla ya kuongeza, soma risiti: ikiwa tayari imeandikwa "gratuity", umeshalipa. Duka la kahawa ukijichukulia mwenyewe, mashine itageuzwa ikuulize 18, 20 au 25. Bonyeza hapana bila aibu. Kwa bajeti ndogo, mgahawa wa kukaa fanya mara moja tu, jioni ya mwisho.

Hatua ya 9: Panga vivutio kwa mtaa, si kwa umaarufu

Mgeni huandika orodha ya mambo kumi maarufu halafu anayafuata juu na chini, nusu ya siku yuko ndani ya treni. Gawanya Manhattan vipande vitatu, kila siku kipande kimoja.

Chini: kivuko cha Staten Island ni bure, mchana na usiku, dakika 25. Ukienda, kaa upande wa kulia, sanamu ya Uhuru itapita mbele yako. Ukifika ng'ambo lazima ushuke, uzunguke, upande tena. Eneo hilohilo wapo vijana wenye jaketi zenye maandishi na vitambulisho shingoni wanaouza "tiketi ya kivuko". Kivuko hakina tiketi. Ukitaka kukanyaga kisiwa chenyewe cha sanamu, meli rasmi ni moja, Statue City Cruises, na tiketi nunua mtandaoni kwao.

Usiondoke chini bila kupita African Burial Ground, Duane Street. Mwaka 1991 wachimbaji wa msingi wa jengo la serikali walifukua mifupa. Ikabainika ni makaburi ya Waafrika, watumwa na waliokuwa huru, wa karne ya 17 na 18. Inakadiriwa walizikwa zaidi ya 15,000. Mabaki ya watu 419 yalizikwa upya 2003. Kuingia ni bure, na hapo karibu kila mgeni niliyempeleka amenyamaza. Jioni panda treni A au C mpaka High Street, Brooklyn, urudi kwa miguu juu ya daraja. Ukitembea upande huo, majengo yote yako mbele yako. Watu wengi huanza kinyume na kutembea wakigeuza shingo.

Kati: stesheni ya Grand Central, maktaba kuu na bustani ya Bryant (choo chake ni safi, kikumbuke, maana vyoo vya bure ni adimu mjini hapa), kisha kigari cha angani cha kwenda Roosevelt Island kwa nauli ileile ya treni. Times Square nenda usiku, nusu saa inatosha. Wanaovaa kama wanasesere watakukumbatia upige picha, kisha watadai dola 20.

Juu: Central Park, halafu Harlem na kituo cha Schomburg mtaa wa 135, bure.

Vya kulipia chagua viwili, ghorofa moja ya kutazamia mji na makumbusho moja. Miongozo ya zamani bado inasema makumbusho ya sanaa ya Metropolitan unalipa unachotaka. Hilo lilibadilika 2018: sasa ni kwa wakazi wa jimbo la New York, na wanafunzi wa hapo, New Jersey na Connecticut. Mgeni mtu mzima analipa dola 30.

Hatua ya 10: Manunuzi

Bei ya rafuni haina kodi. Kaunta wataongeza asilimia 8.875. Lakini nguo na viatu vya chini ya dola 110 kila kimoja havitozwi kodi hiyo mjini New York. Raba ya 105 ni 105. Ya 115 ni zaidi ya 125. Zawadi za shangazi zichague ukijua hilo.

Mambo yakiharibika

*Hoteli imezuia hela kwenye kadi.* Ni kawaida: wakati wa kuingia huzuia kiasi fulani kama dhamana, na kwenye kadi ya akaunti ya kawaida hela inaweza kuchelewa kurudi siku kadhaa baada ya kuondoka. Ndiyo sababu nilisema kadi mbili. Moja ya hoteli, nyingine ya kula.

*Umefika asubuhi, chumba ni saa tisa alasiri.* Hoteli na hosteli nyingi zitakutunzia begi. Uliza, kisha nenda ukatembee.

*Treni imepita kituo chako.* Usishtuke. Shuka inaposimama, vuka upande wa pili, rudi na Local.

*Pasipoti imepotea.* Ripoti polisi, kisha ubalozi mdogo wa nchi yako. Uwe na picha ya pasipoti kwenye barua pepe yako, si kwenye simu pekee. Vyote viwili huibwa pamoja.

*Umeugua.* Hatari ya maisha, piga 911. Homa au tumbo, piga kwanza namba ya bima wakuelekeze kliniki isiyohitaji miadi, usikimbilie chumba cha dharura cha hospitali.

*Hela inaisha siku ya tatu.* Karibu kila mara ni magari ya kukodi kwa simu na mikahawa. Rudi kwenye treni, kivuko, duka la kona na supamaketi. Mkate, ndizi na mayai ya kuchemsha kwenye jiko la hosteli vitakufikisha siku ya tano.

*Begi limezidi uzito wakati wa kurudi.* Usisubiri ujue kaunta ya ndege, mbele ya foleni, ukifungua begi nguo za ndani zikionekana. Mzani mdogo wa kuning'iniza nunua siku ya kwanza, upime usiku wa mwisho. Viatu vizito vivae, koti livae, na chaja zote tia mifukoni.